Bastola Ndogo ya Chuma: Gharama Yake Halisi ni Kiasi Gani?



Wiki tatu zilizopita, baada ya ibada, tukiwa ukumbini tunakunywa chai, kijana mmoja wa hapa kanisani alinisogelea na simu mkononi. Akasema, "Mama, wewe ni nesi, na baba ni mtu wa kazi za usiku, mtanielewa. Hebu angalia hii." Ilikuwa picha ya bastola. Ndogo, ya chuma, inaenea kiganjani. Akanieleza kwamba mwaka jana ilikuwa na bei nyingine, sasa imeongezeka karibu dola mia, na muuzaji amemwambia itapanda tena. Swali lake lilikuwa fupi: "Ninunue sasa kabla haijapanda, au niache?"

Nikamwuliza anaihitaji kwa nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, kule Fizi hatukuwa na kitu mkononi. Ndiyo maana waliingia."

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba muda, na nikamwomba ruhusa niandike bila kumtaja jina, kwa sababu najua hayuko peke yake. Swali hili liko katika nyumba zetu nyingi, ila hatulizungumzi mbele ya watu. Tunalizungumza kwenye maegesho ya magari na kwenye simu usiku. Wengine wetu tuliikimbia bunduki, tukakaa Nyarugusu au kambi nyingine miaka mingi, na leo tunaishi Texas ambako bunduki inauzwa karibu na duka la mchele.

Nitangulize mambo mawili. Hii si siasa. Simwambii mtu ampigie kura nani. Wala si hukumu kwa waliokwisha kununua. Kati yao wamo ndugu ninaowaheshimu sana. Na mimi mwenyewe, kama mtakavyoona, nilishakubali iingie nyumbani kwangu.

Kwa nini ya chuma, na kwa nini bei inapanda

Tuanze na kitu chenyewe. Bastola nyingi ndogo zinazouzwa leo zina mwili wa plastiki ngumu. Mtindo huo ulishika kasi miaka ya 1980, baada ya kampuni ya Glock ya Austria kuonyesha kwamba bastola ya namna hiyo inafaa hata kwa jeshi. Plastiki humiminwa kwenye kalibu, ikitoka imekaribia kuwa tayari. Mwili wa chuma au wa alumini kwa kawaida huchongwa na mashine, hatua kwa hatua, na muda wa mashine ni fedha. Ndiyo sababu bastola ndogo ya plastiki unaweza kuikuta kwa dola 400 au 500, na ya chuma ikapita 700 kwa urahisi, nyingine ikavuka 1,000.

Wanaoipenda ya chuma wana sababu. Bastola ikiwa ndogo na nyepesi, hurusha mkono kwa nguvu inapolia, na mtu asiye na mazoezi hukosa shabaha. Uzito wa chuma hupunguza mrusho huo. Hilo ni kweli, wala si mbwembwe tu.

Bei nayo ina sababu zake. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa chuma na alumini kutoka nje mwezi wa tatu, na mwezi wa sita ikauongeza hadi asilimia 50 kwa nchi nyingi. Tena kuna kodi ya zamani ya serikali kuu, asilimia 10 kwa kila bastola, inayolipwa na mtengenezaji au mwingizaji na kuishia ndani ya bei yako. Baadhi ya majimbo yameongeza yao: California asilimia 11 tangu Julai 2024, Colorado asilimia 6.5 tangu Aprili 2025. Texas haina kodi hiyo ya ziada, lakini kodi ya mauzo hapa kwetu hufikia asilimia 8.25.

Piga hesabu kama tunavyopiga hesabu ya kutuma fedha nyumbani. Bastola dola 750. Kodi ya mauzo kama 62. Kisanduku cha chuma chenye kufuli, mafunzo, risasi za mazoezi. Utapita dola elfu moja bila kujua. Kwa anayelipwa dola 18 kwa saa, hizo ni karibu saa 56 za kazi kabla ya makato. Kuna ada ya shule ya mtoto wa dada yako humo ndani.

Lakini hiyo ni gharama ya dukani tu. Anayeisikia bei inapanda huona kama basi linamwacha, akalipanda kabla ya kuuliza linakwenda wapi.

Hofu si dhambi

Sitaki kumdharau mtu anayeogopa. Baba watoto anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Mwaka jana mwezi wa pili, alipokuwa anarudi saa kumi na moja alfajiri, vijana wawili walimsimamisha kwenye maegesho ya fleti zetu. Mmoja alikuwa na bastola. Wakachukua simu, pochi na pete ya ndoa. Hawakumpiga. Ilichukua dakika mbili.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Akifika nyumbani anakagua mlango mara tatu. Usiku mmoja aliniambia neno lililoniuma: "Mke wangu, watoto wa rika la mwanetu wamenifanya niinue mikono juu." Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Nani angemlaumu kwa kutaka kitu cha kujilinda?

Jimbo letu lenyewe limetufundisha pande zote mbili. Tarehe 5 Novemba 2017, mtu mwenye bunduki aliingia kanisani Sutherland Springs, si mbali na San Antonio, na watu 26 wakahesabiwa kuwa wamekufa, akiwemo mtoto aliyekuwa bado tumboni. Tarehe 29 Desemba 2019, huko White Settlement karibu na Fort Worth, mtu mwingine alianza kuua katikati ya ibada. Waumini wawili walikufa. Ndani ya sekunde chache, mmoja wa wajitolea wa ulinzi wa kanisa alimpiga risasi moja, na mauaji yakakoma. Asiyekubali kwamba bastola ile iliokoa watu siku ile si mkweli. Lakini tukumbuke pia kwamba aliyeishika alikuwa mtu mwenye mazoezi ya miaka mingi, mwalimu wa kulenga shabaha. Hakuwa mtu aliyenunua wiki iliyopita kwa sababu bei inapanda.

Hata Maandiko hayampuuzi mwenye nyumba anayeogopa. Someni Kutoka sura ya 22, mistari ya pili na ya tatu. Sheria ile inamwangalia mwizi aliyevunja nyumba usiku, akapigwa akafa: aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini kama jua limekwisha kuchomoza, hatia ipo. Naona hekima hapo. Usiku huoni ni nani, wala amekuja kufanya nini. Mchana unaona, na kwa kuwa unaona, unadaiwa zaidi. Mungu anaijua hofu ya usiku. Lakini hata damu ya mwizi hakuiruhusu imwagwe bila hesabu.

Bahasha juu ya kabati

Basi nilikubali. Baba watoto akaanza kuweka fedha za saa za ziada kwenye bahasha, juu ya kabati la chumbani kwetu. Alikwenda mahali pa mazoezi akajaribu bastola za kukodi. Ile nyepesi ya plastiki ilimrusha mkono. Ya chuma ilimtulia. Akaichagua hiyo.

Mwezi wa tano alikwenda dukani na bahasha yake. Bei ilikuwa imepanda. Ukijumlisha kodi na kisanduku cha kufungia, alipungukiwa kama dola 140. Akarudi mikono mitupu, amekasirika, akasema atajazia kwa miezi miwili.

Sasa niseme la mwanangu. Amesoma makala hii kabla ya mchungaji, na ameniruhusu. Alikuwa na miaka 16. Kwa miezi kadhaa alikuwa ameacha kula nasi mezani, alama zimeshuka, timu ya mpira ameiacha. Nilisema ni ujana. Mimi ni nesi. Kila zamu nawauliza wagonjwa, watu nisiowajua, kama wamewahi kuwaza kujidhuru. Sikumwuliza mtoto niliyemzaa.

Usiku mmoja mwezi wa sita, niko kazini, saa tisa usiku, simu ikatikisika mfukoni. "Mama uko bize?" Nilikaribia kuiacha nijibu baadaye. Namshukuru Mungu kwamba mwenzangu aliniona uso akasema, "Nenda, nitakuangalizia." Nikaingia kwenye chumba cha mashuka nikampigia. Alisema amechoka na kila kitu. Hakulia. Ndiyo iliyonitisha.

Baba yake alikuwa kazini pia, na wadogo zake wamelala. Nikabaki naye kwenye simu, na kwa simu ya mwenzangu nikamwamsha mama mmoja wa hapa kanisani anayeishi jengo la jirani. Alitoka na kanga yake juu ya nguo za kulalia, akagonga mlango, akachemsha chai ya maziwa, akakaa na mwanangu mpaka kulipokucha. Mama, unajijua. Mungu akulipe, maana mimi siwezi.

Asubuhi tulimpeleka kwa daktari, kisha kwa mshauri. Kazi hiyo haijaisha, lakini leo yuko salama, anakula mezani, na juzi tumegombana kuhusu vyombo kama nyumba nyingine yoyote.

Miezi kadhaa baadaye, jioni moja, alituambia jambo. "Nilijua baba anaweka hela ya bunduki. Nilijua bahasha iko wapi." Tulidhani ni siri yetu. Alikuwa ameihesabu mara mbili.

Sikuweza kusema kitu. Usiku ule wa mwezi wa sita, juu ya kabati kulikuwa na bahasha. Kwa tofauti ya dola 140, ingekuwa bastola. Tungeifunga? Nadhani ndiyo. Je, mtoto aliyejua bahasha iko wapi asingejua ufunguo uko wapi?

Naomba msinielewe vibaya. Sisemi kwamba Mungu alipandisha bei ili atuokoe. Kuna nyumba ambazo bei haikupanda, na watoto wao walipendwa kama wetu, na wazazi wao waliomba kama sisi. Siwezi kutoa ushuhuda unaomwongezea mama mwingine kidonda. Nasema tu kilichotupata, ili mwingine asingoje kupungukiwa ndipo afikiri.

Zile fedha za bahasha zililipa sehemu yetu ya bima kwa mshauri wa kijana. Baba watoto ndiye aliyeitoa bahasha juu ya kabati, akaiweka mezani, akasema, "Hii pia ni ulinzi."

Dawa kali hukaa wapi

Hospitalini tuna dawa zenye nguvu sana. Morfini huondoa maumivu yasiyovumilika. Pia huweza kusimamisha pumzi ya mtu. Hatuitupi kwa sababu ni hatari, na hatuiachi kwenye droo kwa sababu inafaa. Inakaa kwenye kabati linalofunguka kwa alama ya kidole au namba ya siri. Kila nikiitoa, kabati linaandika jina langu, saa na kiasi. Ikibaki kidogo, nesi wa pili lazima ashuhudie tunaimwaga. Wala haimaanishi kwamba mimi ni mwizi. Maana yake ni kwamba hata mtu mzuri ana siku mbaya.

Na kabla ya kutoa dawa hatuulizi tu kama inafanya kazi. Tunauliza: kwa mgonjwa yupi? Dawa ileile ni uzima kwa mmoja na ni sumu kwa mwenzake. Hivyo ndivyo ninavyoitazama bastola. Inaweza kumzuia adui. Lakini adui huyo huenda asije kamwe, nayo itakaa kila siku na watu wa nyumbani. Kwa hiyo swali si adui ni nani tu. Swali ni nyumba ina nani.

Takwimu za hapa Marekani zinasema wazi. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi. Zaidi ya nusu, 26,328, walijiua. Tunafunga mlango tukimwogopa mgeni, kumbe bunduki nyingi zinaua mwenyewe. Tangu mwaka 2020 risasi zimeyapita magari kama chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa nchi hii.

Watafiti walifuatilia watu wazima milioni 26 wa California, miaka hadi 12, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Wanaume wenye bastola walikufa kwa kujipiga risasi mara nane zaidi ya wanaume wasio nayo. Wanawake, mara 35. Tena wenye bastola hawakujiua kwa njia nyingine zaidi ya wenzao. Maana yake si kwamba walikuwa na huzuni kuliko wengine. Huzuni iliwakuta na kitu karibu.

Anayejaribu kujiua kwa bunduki hufa karibu mara tisa katika kumi. Kwa njia nyingine nyingi, wengi huokolewa. Na walionusurika, karibu tisa kati ya kumi hawafi baadaye kwa kujiua. Lile wimbi la usiku hupita, ikiwa mtu atafika asubuhi. Mwanangu alifika asubuhi kwa kikombe cha chai.

Liko na jingine tusilopenda kulisema kanisani. Ndani ya nyumba yenye kipigo, mwanamume akiwa na bunduki, hatari ya mke kuuawa huongezeka kama mara tano. Dada, kama nyumbani kwako mkono huinuliwa, bastola haitakulinda wewe. Njoo tuzungumze, mimi au mke wa mchungaji, na hakuna atakayejua.

Sisi wahamiaji na sheria

Nitasema kwa kifupi, maana wengi huambiwa nusu. Texas, tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na zaidi asiyekatazwa na sheria anaweza kubeba bastola bila leseni. Wengine wamesikia hilo wakadhani hakuna sheria tena. Sivyo. Sheria ya serikali kuu inamkataza kabisa asiye na karatasi kuwa na bunduki au hata risasi. Wenye viza za muda, kama ya mwanafunzi au ya matembezi, kwa kawaida wanakatazwa pia, isipokuwa kwa sababu chache. Aliyepatikana na hatia ya kumpiga mwenza wake, hata kama ni kosa dogo mahakamani, amekatazwa. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua, lakini akitiwa hatiani kwa kosa la bunduki anaweza kurudishwa alikotoka hata kama ameishi hapa miaka ishirini. Na hapa Texas, kumwachia mtoto wa chini ya miaka 17 njia ya kuifikia bunduki yenye risasi ni kosa. Kabla ya kununua, kaa na mwanasheria wa uhamiaji. Usimwulize muuzaji, kazi yake ni nyingine. Hiyo nayo ni gharama isiyoandikwa kwenye bei.

Sikio, na ukuta wa dari

Usiku wa Gethsemane, wanafunzi walikuwa na panga mbili. Petro alipoona Bwana anakamatwa, alichomoa akakata sikio la mtumishi wa kuhani mkuu. Yohana anatuambia jina la mtumishi huyo: Malko. Lakini ni Luka peke yake anayesimulia kwamba Yesu aliligusa sikio akaliponya. Luka alikuwa tabibu, labda ndiyo sababu hakuliacha.

Kila nikisoma hapo naiona kazi yangu. Uponyaji wa mwisho wa Yesu kabla ya msalaba ulikuwa wa jeraha lililotokana na rafiki aliyetaka kumlinda. Petro hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Bwana, aliogopa, na chuma kilikuwa karibu. Aliyeumia hakuwa Yuda wala kuhani mkuu. Alikuwa mtumishi aliyesimama jirani.

Neno la pili liko Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa nane. Ukijenga nyumba mpya, jengea dari yako ukuta mdogo pembeni, mtu asije akaanguka ukaleta damu juu ya nyumba yako. Katika nchi ile watu walikaa juu ya dari jioni kupunga upepo. Mungu hakukataza dari. Alimwambia mwenye nyumba: ukiweka mahali pa hatari juu ya watu wako, wewe ndiwe wa kujenga ukuta. Hakumwachia mtoto jukumu la kuwa mwangalifu.

Jibu langu

Basi kwako, kijana wangu, na kwa wengine mlio na swali hilo.

Uliniambia kule Fizi hamkuwa na kitu mkononi. Nalisikia hilo, na sitalijibu kwa haraka, maana mimi nilikulia Tanzania, kijijini, ambako usiku ulilindwa na majirani na filimbi. Sikuona ulichoona. Lakini nikuulize kwa upole: wale walioingia kwenu walikuwa kikosi cha watu wenye silaha. Bastola moja mkononi mwa baba yako ingewazuia? Au unataka kitu cha kuufuta usiku ule? Kama ni hivyo, hakuna duka linalokiuza. Kipo, lakini kinapatikana kwa kuongea, kwa mshauri, kwa maombi, kwa muda.

Nyumbani kwako yupo mtoto wa miaka minne. Yupo mdogo wako aliyefika mwaka huu kutoka kambini, na wewe mwenyewe umeniambia anaamka usiku akipiga kelele. Kwa nyumba yako, kwa wakati huu, jibu langu ni hapana. Si kwa sababu ya bei. Hata wakikupa bure, hapana.

Kwa nyumba nyingine, jiulizeni haya mkiwa mume na mke pamoja, taa ikiwa imewaka na hasira imepoa. Nani ndani ya nyumba hii ana huzuni nzito, au amewahi kuwaza kufa? Yupo mtoto, au watoto wa wageni huja? Kuna pombe? Kuna ngumi? Nani mwingine atajua ufunguo uliko? Tuko tayari kulipia mazoezi kila mwaka, au tunalipia chuma tu? Kama jibu moja linawatia mashaka, ngojeni. Bei ikipanda, ipande.

Waliokwisha kununua, jengeni ukuta wa dari. Bastola ifungwe, bila risasi ndani, na risasi zifungwe mahali pengine. Kuificha chini ya godoro si kuifunga. Kumbukeni bahasha yetu. Sheria inamtaka muuzaji mwenye leseni akupe kifaa cha kufungia unaponunua bastola, na vituo vingi vya polisi hutoa kufuli za kebo bure. Mtu wa nyumbani akipita kipindi kigumu, itoeni kabisa nyumbani kwa muda, kwa ndugu mnayemwamini anayeruhusiwa na sheria. Hakuna aibu. Ni kama kumnyima funguo za gari mtu aliyelewa.

Na mkimwona mtu amenyamaza kupita kiasi, mwulizeni kwa maneno wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa mlango. Piga 988, mchana au usiku, ni bure, na unaweza kuomba mkalimani.

Baba watoto bado anarudi alfajiri. Bado anakagua mlango, siku hizi mara moja tu. Tuliomba wenye fleti waweke taa kwenye maegesho. Ilichukua barua tatu, lakini ziliwekwa. Yeye na akina baba wengine wanne wa zamu za usiku wana kikundi cha simu: anayefika anaandika "nimefika", na asipoandika ndani ya nusu saa, mmoja anaamka. Wanaotaka kujiunga wamwone mlangoni baada ya ibada. Tunahitaji hasa mtu wa upande wa kaskazini, maana kijana wangu wa Fizi anaanza zamu ya usiku Jumatatu.

Jumapili ijayo nitakuwa ukumbini karibu na meza ya chai, na boksi la kufuli. Sitauliza jina wala swali. Chukua moja, funga midomo, nenda ukafunge.

Bwana awalinde, mnapotoka na mnaporudi.